Ukienda Hong Kong, jua kwanza amri inakuweka kundi gani

Wanaojiandaa kwenda Hong Kong kutafuta mzigo hunitumia maswali yaleyale: bei za simu za jumla, chumba cha bei nafuu pale Chungking Mansions (jengo la maduka na vyumba vya wageni), kilo kwa ndege zinakwendaje. Sijawahi kuulizwa itakuwaje serikali ya kule ikitangaza ugonjwa. Mimi nilikuwa kule kabla ya Korona haijafika, nikabaki mpaka amri ya barakoa ilipoondolewa Machi 1, 2023. Nilichokiona, ndugu zangu, ni kwamba virusi havikuchagua mtu, ila amri zilichagua. Kila tangazo liligawa watu: mkazi wa kudumu huku, mwenye visa ya kazi kule, mgeni wa miezi mitatu kando kabisa.

Hong Kong ni ya China tangu 1997, lakini ina uhamiaji wake, sarafu yake na sheria zake za afya. Ukitoka pale kwenda Shenzhen, mji wa China bara ng'ambo ya mpaka, mwendo wa treni tu, unakaguliwa pasipoti pande zote mbili. Kwa hiyo habari za Guangzhou au Wuhan hazikwambii chochote kuhusu amri iliyo juu yako Hong Kong. Aprili 2020 Waafrika wa Guangzhou walipotolewa kwenye nyumba na hoteli, nilipigiwa simu na jamaa wa Kariakoo wakidhani nami nimelala barabarani. Sikuwa barabarani. Sheria zilikuwa nyingine.

Wenyeji walikuwa na kumbukumbu ya SARS, ugonjwa wa mapafu wa 2003, iliyoua watu 299 mjini humo. Katika majengo ya Amoy Gardens peke yake waliambukizwa zaidi ya 300, na mabomba ya maji machafu yakabainika kuwa njia mojawapo. Ndiyo maana Januari 2020 watu walivaa barakoa bila kuambiwa. Serikali, kinyume chake, ilikuwa na kigugumizi. Oktoba 2019 ilikuwa imepiga marufuku kufunika uso kwa sababu ya maandamano ya kuipinga, na mwanzoni mwa Februari 2020 kiongozi wa mji, Carrie Lam, akawataka maofisa wake wasivae barakoa ili zisipungue hospitalini. Wiki hiyohiyo maelfu ya wahudumu wa hospitali za umma waligoma wakitaka mpaka na China bara ufungwe. Imani kwa serikali ilikuwa imekwisha kabla ugonjwa haujabisha hodi. Uchaguzi wa Septemba 2020 ulipoahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya Korona, wengi hawakuamini kwamba sababu ni Korona.

Hayo ya siasa si yetu, na ushauri wangu ni usiyaingie. Yetu ni amri zenyewe. Zisome katika tangazo la serikali, lililokuwa likitoka kwa Kichina na Kiingereza siku hiyohiyo. Usizisome kwenye grupu la WhatsApp. Julai 29, 2020 serikali ilizuia kabisa kula ndani ya mikahawa. Wafanyakazi wa ujenzi na wafagizi wakaonekana wakila chakula cha mchana kando ya barabara, wengine kwenye mvua, na kufikia Julai 31 amri ikageuzwa. Magrupuni ile ya kwanza iliendelea kusambazwa wiki nzima. Angalia tarehe, halafu tafuta maneno yanayosema inamhusu nani na mahali gani. Amri ya watu wasiozidi wanne, ya Machi 2020, ilihusu mahali pa umma. Wenzetu waliokula ugali chumbani hawakuivunja. Waliosimama watano mlangoni pa jengo, Nathan Road, wakibishana bei, walikuwa wanacheza na faini ya dola 2,000 za Hong Kong kila mtu. Baadaye faini hiyo ilipanda, na Februari 2022 hata mikusanyiko ya nyumbani ikawekewa mipaka. Amri ni ileile kwa jina, kilichomo kimebadilika.

Pigo kubwa kwa wafanyabiashara lilikuwa la Machi 25, 2020. Kuanzia siku hiyo asiye mkazi aliyetoka ng'ambo hakuruhusiwa kuingia kabisa. Mwenye kitambulisho cha ukaazi aliingia, akavishwa mkanda wa mkononi uliounganishwa na programu ya simu, akakaa ndani siku 14. Ukiwa Dar bila ukaazi, na malipo ya awali ya simu yako yameshalipwa, ulibaki kumwomba Mungu na ajenti. Kwa hiyo usilipe kianzio kikubwa kwa duka lisilo na mtu wako pale. Awe na kitambulisho cha Hong Kong, awe na maandishi yako ya kumruhusu kupokea na kukagua mzigo. Undugu peke yake hautoshi dukani.

Karantini ya hoteli nayo ni somo lake. Kuanzia Desemba 25, 2020 wanaotoka nje ya China walifungiwa siku 21 katika hoteli zilizoteuliwa, kwa gharama zao wenyewe. Nilipitia, niliporudi kutoka safari. Kilichoniumiza zaidi ya kufungiwa ni pesa: safari za ndege iliyoleta wagonjwa kadhaa zilisimamishwa, tarehe yangu ikasogea, na hoteli niliyolipia ikakataa kunirudishia chochote. Yakirudi ya namna ile, uliza sharti la kuahirisha kabla ya kulipa, tena kwa maandishi. Uliza pia kama dirisha linafunguka. Na beba pilipili yako, maana chakula kile hakina ladha kabisa.

Januari 23, 2021, alfajiri, polisi walizingira mitaa kadhaa ya Jordan, kituo kimoja cha treni kutoka tulipokuwa tukifanyia kazi Tsim Sha Tsui. Watu kama 7,000 walizuiwa kutoka mpaka wapimwe, wagonjwa wakapatikana 13. Habari ilikuwa imevuja siku moja kabla, na wapo waliokimbia na mabegi. Usikimbie. Amri ile ilimhusu pia aliyekaa eneo hilo zaidi ya saa mbili katika siku 14 zilizopita, kwa hiyo aliyehama alihama na wajibu wake wa kupimwa, na kama visa yake ilikuwa na kasoro alikuwa amejiongezea kesi. Weka chumbani chakula kikavu unachokula wewe (makopo ya kugawiwa hayajui nani anakula nguruwe na nani hali), dawa zako za kila siku na nakala ya karatasi zako.

Misaada ilifuata mgawanyo uleule. Dola 10,000 za Hong Kong zilizotolewa 2020 zilikuwa za wakazi wa kudumu wenye miaka 18 na zaidi, na ukazi wa kudumu kwa mgeni ni baada ya miaka saba mfululizo. Usipange kodi ya chumba kwa kutegemea tangazo la namna hiyo kabla hujasoma linamtaja nani.

Kundi lililosahauliwa kuliko sote halikuwa la wageni, lilikuwa la wazee. Mpaka mwisho wa 2021 Korona ilikuwa imeua watu 213 tu katika mji wa watu zaidi ya milioni saba, na sifa zilikuwa nyingi. Lakini zaidi ya nusu ya wazee wa miaka 80 na kuendelea hawakuwa wamechanjwa, ingawa chanjo ilikuwepo tangu Februari mwaka huo. Omikron, aina mpya ya virusi vya Korona, ilipoingia, Januari 2022 serikali ilihangaika na panya wa kufugwa (hamster), ikaua wanyama wadogo wapatao 2,000 kwa sababu virusi vilipatikana kwenye duka moja la wanyama. Februari wagonjwa wazee walikuwa wamelala vitandani nje ya hospitali, kwenye baridi. Kufikia Mei 2022 vifo vilikuwa vimepita 9,000. Mpaka uliolindwa hivyo kwa miaka miwili, halafu nyumba za wazee zikaachwa wazi! Mimi nilichanja mapema, nikawashauri na wazee wangu Tanga wasingojee takwimu ziwatishe.

La mwisho ni pasipoti. Ubalozi wetu uko Beijing, na mpaka wa Hong Kong na China bara haukuanza kufunguliwa tena kikawaida mpaka Januari 2023. Waliokuwa na pasipoti za kuisha walihangaika kwa simu na barua, huku visa zao zikihesabu siku. Yako ikiwa imebakiza mwaka mmoja, ibadilishe kabla hujaondoka.