Mwanangu, utaandika mahali pangapi?

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema simu inalia toka asubuhi, baruapepe za leo zinaingia kabla hujamaliza za jana, makundi ya ujumbe ya kazini peke yake ni manne, na jambo ulilolisoma juzi hukumbuki ulilisoma wapi. Umeamua kurudi kwenye karatasi, na unaniuliza ununue daftari la aina gani, au uanze sanduku la kadi kama yule Mjerumani, Niklas Luhmann, aliyefikisha kadi zipatazo 90,000.

Daftari lolote lenye kurasa linatosha. Ninalotaka kukuuliza mimi ni hili: utaandika mahali pangapi?

Luhmann hakuwa akiandika kadi ili akumbuke kulipa bili. Alikuwa mwanasosholojia. Kila kadi aliipa namba, na kadi moja ikakutuma kwa nyingine, kwa zaidi ya miaka 40, na humo ndimo alimotoa vitabu vyake. Ile ni karatasi ya kufikiria. Wewe unatafuta kutuliza kichwa, na hayo ni mambo mawili. Wala usidhani mafuriko haya yameletwa na simu. Conrad Gessner wa Zürich alichapisha orodha yake kubwa ya vitabu mwaka 1545, na namna aliyoifundisha ya kutengeneza faharasa ilikuwa kuandika upande mmoja tu wa karatasi, kuikata kwa mkasi, kisha kuvipanga vipande mpaka vikae mahali pake. Nilipokuwa mkutubi nilimwelewa sana mtu huyo. Nimeishi na droo za kadi za orodha ya vitabu vya maktaba, kila kadi sentimita 7.5 kwa 12.5, na tundu chini ambamo chuma kilipita kutoka mbele ya droo hadi nyuma, msomaji asije akaondoka nayo. Kile chuma nilikipenda. Kadi ilikuwa na mahali pake, na haikutoka.

Nyumbani sikuwa na chuma hicho. Unajua ninakoelekea, na najua utasema tena kwamba yameshapita. Siku ya shairi. Ulikuwa na miaka 11, umelighani jikoni wiki tatu mpaka beti zote sita nikazijua mimi. Tarehe ulinitajia usiku, daftari likiwa mbali, nikaiandika mgongoni mwa bahasha ya kaki. Kalenda ya ukutani ilikuwa na mambo yake, shajara ya mkobani ina yake, na siku hizo ndiyo kwanza nimenunua daftari jipya la kupanga kila kitu. Saa ile unapanda jukwaani, mimi nilikuwa mezani na rula na kalamu za rangi nne, napiga mistari ya daftari hilo. Nyekundu ya kazini, kijani ya shule yako. Uliporudi ulivua viatu mlangoni, ukaiangalia ile mistari, ukasema, "Si kitu, mama."

Hiyo "si kitu" naisikia mpaka leo. Bahasha niliikuta siku ya nne ndani ya kitabu, nimeifanya alama ya ukurasa.

Baba yako husema ningesahau hata kama ningekuwa na daftari moja. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sikubali. Sikusahau kuandika, niliandika! Ila niliandika mahali pa nne. Babu yako hakuchoka kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba madaftari manne nayo ni kama hakuna. Kitu kimoja, mahali pamoja.

Sasa nakwambia ninavyofanya. Jumapili jioni nachukua karatasi ya A4, naikunja mara tatu, kinabaki kipande cha milimita 74 kwa 105 kinachoingia mfukoni. Ukiikunjua una vyumba vinane upande mmoja: saba vya siku za wiki, cha nane cha mambo yasiyo na siku. Kila kinachonijia kinaingia humo, hata nikiwa nimesimama. Jumapili inayofuata yale yaliyobaki nayanakili kwa mkono kwenye karatasi mpya, na hapo ndipo penye kazi. Simu hubeba mambo elfu bila kulalamika. Mkono huchoka, na ukichoka huuliza, hili la nini? Jambo nililolinakili mara tatu bila kulifanya, ya nne ama nalifanya siku hiyo hiyo, ama nalikata kwa mstari mmoja mwembamba, libaki linasomeka, nijue kwamba nimeliacha kwa hiari yangu. Kitu kimoja, mahali pamoja, na mkono ndio unaochuja.

Lakini simu ingelia siku ile. Hilo nalikubali, na kulikubali kunaniuma. Karatasi haimwiti mtu. Kwa hiyo miadi yenye saa naiandika kwenye karatasi, kisha naitegea kengele ya simu, na hapo nimevunja kanuni yangu mwenyewe. Hujiambia kwamba kengele si mahali pa kuandika, ni kama mtu wa kunibishia hodi tu, kisha nirudi kwenye karatasi nione ni nini. Siku nyingine jibu hilo linaniridhisha, siku nyingine haliniridhishi hata kidogo.

Kuhusu yale makundi manne ya kazini nina neno langu, lakini hukuniuliza hayo, uliniuliza daftari. Nanyamaza, ingawa mawili unaweza kuyatoka leo hii na asiumie mtu.

Kabla hujanunua chochote, jaribu na karatasi moja kwa wiki moja. Na umeandika kwamba utakuja mwezi ujao, tarehe hukutaja. Nitajie. Chumba cha nane nimekuachia kitupu.

Mama yako