Maswali na Majibu: HD ya Bure kwa Antena, Bila Kulipia Kebo

Barua nyingi tulizopokea zinahusu jambo moja: kuachana na kebo ya kulipia kila mwezi na kutazama HD, yaani picha ya ubora wa juu, kwa antena. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Mafundi wetu wanajibu.

Naambiwa nikifunga antena nitapata HD bila kulipa chochote. Ni kweli, au nitaishia kuona chenga kama zamani? Na nitahitaji vitu gani?

Ni kweli kabisa kwa vituo vinavyorusha matangazo yao wazi. Chenga hutaziona tena, kwa sababu matangazo ya kidijitali hayafifii kidogo kidogo. Picha inakuwa safi, au inakatikakatika na kuganda, au haipo. Na kwa ubora, picha ya hewani mara nyingi huishinda ya kebo. Kampuni nyingi za kebo huibana upya picha ili chaneli nyingi zaidi zipite kwenye waya mmoja, na kila inapobanwa inapoteza kitu. Ile inayonaswa na antena yako ni ileile iliyotoka mnarani.

Unahitaji antena, waya, na runinga yenye king'amuzi cha ndani au king'amuzi cha pembeni. Hakikisha king'amuzi kinaendana na mfumo wa nchi unayoishi. Nchi nyingi za Afrika na Ulaya hutumia DVB-T2, Marekani hutumia ATSC, Japani na Brazili ISDB-T, na China DTMB. Mifumo hii haisomani. Runinga nzuri ya bei kubwa iliyonunuliwa upande mwingine wa dunia inaweza kutafuta chaneli saa nzima isipate hata moja. Haijaharibika, king'amuzi chake cha ndani ndicho kisichoujua mfumo wa huko ulipo. Chomeka king'amuzi cha pembeni kwa HDMI, kazi imekwisha.

Angalia pia aina ya mbano wa picha. Matangazo mengi ya HD hubanwa kwa H.264 au H.265. Ukisikia sauti huku skrini ikiwa nyeusi tii, shuku king'amuzi cha zamani kisichoweza kufungua mbano huo. Kubadili antena hapo ni kupoteza pesa.

Habari za kazi, mafundi. Naishi ghorofa ya chini. Menyu inaonyesha nguvu ya mawimbi asilimia 90, lakini ubora unarukaruka kati ya 15 na 40, na picha inaganda. Nikanunua busta, kifaa cha kukuza mawimbi: nguvu ikapanda hadi 100, picha ikatoweka kabisa. Tatizo ni nini?

Tatizo ni ubora, na busta imelizidisha, ndugu msomaji, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Mistari ile miwili kwenye menyu hupima vitu tofauti. Nguvu ni wingi wa mawimbi yanayofika kwenye king'amuzi. Ubora ni jinsi king'amuzi kinavyoweza kuyasoma bila makosa. Wewe mawimbi unayo tele, ila yamechafuka. Busta haichagui: inakuza matangazo pamoja na uchafu wote uliochanganyika nayo, kama kupandisha sauti ya redio yenye mkwaruzo. Nguvu ikizidi kipimo, king'amuzi nacho kinaelemewa na kushindwa kusoma chochote.

Uchafu huo hutoka wapi? Kwako wewe, kwa kuwa uko chini, tunadhani sababu kubwa ni mawimbi yanayogonga kuta, magari na mapaa ya mabati kisha kufika kwenye antena kwa njia kadhaa, kila moja ikichelewa kidogo. Yakikutana yanagombana. Kwenye masafa ya MHz 600 urefu wa wimbi ni sentimita 50, hivyo kusogeza antena sentimita 20 au 30 tu kunaweza kuigeuza picha iliyoganda kuwa safi. Kwa hiyo usiiweke antena pale panapopendeza macho ukaridhika. Fanya hivi:

Chomoa busta kabisa. Tafuta mnara wa kurushia matangazo uko upande gani, kwa dira ya simu na ramani, na usogeze antena kwenye dirisha linalotazama upande huo. Zege lenye nondo na kioo chenye utando wa chuma wa kuzuia joto huzuia mawimbi vibaya, kwa hiyo ikiwezekana itoe antena nje ya kioo. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye chaneli inayokusumbua zaidi, si ile iliyo safi. Geuza antena nyuzi kumi hivi, ngoja sekunde tano, soma ubora, geuza tena. Kungoja huko ni muhimu, kwani mstari wa ubora huchelewa, na mtu mwenye haraka hupita pale pazuri bila kujua. Ukimaliza kuzungusha, ipandishe au ishushe antena sentimita 30, urudie.

Jaribu pia kuilaza na kuisimamisha. Minara mingine hurusha mawimbi yaliyolala, mingine yaliyosimama, na antena yenye vijiti lazima ifuate mkao huohuo. Mkao ukiwa kinyume, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nguvu hupotea. Kwa haraka, tazama antena za juu ya mapaa ya jirani: vijiti vimelala au vimesimama?

Mwisho, zima kimoja kimoja vifaa vilivyo karibu, hasa taa za LED na chaja hafifu, huku ukitazama ubora. Ubora ukipanda ghafla, mwenye kosa umempata.

Busta ina kazi yake. Inafaa pale mawimbi yanapokuwa safi kwenye antena, kisha yakapotea njiani kwa sababu ya waya mrefu au kugawanywa kwa runinga nyingi. Mahali pake ni jirani na antena, si nyuma ya runinga. Ikikaa mwisho wa waya inakuza mabaki. Kama kuna mnara wa simu karibu, weka kichujio cha 4G kabla ya busta. Nchi nyingi zimewapa watu wa simu masafa ya MHz 700 na 800, ambayo zamani yalikuwa ya runinga, na busta ya zamani huyameza yote. Ukiweka kichujio baada ya busta umechelewa, kwa sababu busta imeshaelemewa.

Dukani nimeona antena iliyoandikwa "4K HD, kilomita 300". Je, ndiyo bora?

Maandishi hayo yapuuzeni. Antena haijui kama kinachopita ni HD, 4K au picha ya kawaida. Inanasa mawimbi tu. Antena ya zamani ya UHF (masafa ya juu ya runinga) iliyo juu ya paa lako inaweza kuleta HD leo hii kama vijiti na viungo vyake havijaliwa na kutu.

Nazo hizo kilomita 300 haziwezekani kwa matumizi ya kila siku, maana dunia imepinda na mawimbi haya husafiri karibu katika mstari ulionyooka. Kuna hesabu rahisi. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha mnara kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako, zidisha kwa 4.12, upate kilomita. Mnara wa mita 150 na antena ya mita 9 hutoa takriban kilomita 63, tena pasipo na kilima katikati. Mnara ukiwa juu ya mlima, kimo cha mlima huhesabiwa, na hapo umbali huongezeka sana. Lakini hakuna maandishi kwenye boksi yatakayoisogeza antena yako juu ya upeo huo.

Chagua hivi. Ukiwa karibu na mnara na unauona, ya ndani inatosha. Ukiwa mbali kidogo, weka ya nje, yenye vijiti vingi vilivyopangwa kwenye bomba moja. Kadiri vijiti vinavyoongezeka ndivyo inavyotazama mbele zaidi na kukataa ya pembeni. Ndiyo maana ikipotoka kidogo tu unapoteza chaneli. Minara ikiwa pande mbili tofauti, antena kali ya aina hiyo itakusumbua. Tafuta inayotazama upana mkubwa zaidi. Na uliza kama kuna vituo vinavyorusha kwenye VHF, masafa ya chini ya runinga. Kijiti cha VHF kwa MHz 174 hadi 230 kinakaribia sentimita 75, kwa hiyo ile antena ya kikaratasi chembamba cha kubandika ukutani haitakufaa hapo, hata ikiandikwa nini.

Nataka antena moja ilishe runinga tatu. Sebuleni picha ni safi, lakini chumbani inakatika. Waya nimeunga kwa kusokota na kufunga utepe. Je, nibadilishe spilita, kile kifaa cha kugawa mawimbi?

Anza na waya. Kile kiungo cha kusokota kinatosha kuharibu kila kitu kinachofuata: mawimbi hugonga pale na kurudi nyuma, na maji huingia.

Tumia waya wa RG-6 wa omu 75. Kwenye masafa ya juu ya UHF hupoteza takriban desibeli (kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu) 18 kwa mita 100, yaani karibu 3.6 kwa mita 20. Desibeli 3 ni nusu ya nguvu, kwa hiyo kila mita isiyo ya lazima ikate. RG-59, ule mwembamba, hupoteza zaidi. Spilita ya njia mbili hula desibeli 3.5 hadi 4 kwa kila tundu, ya njia nne hula 7 hadi 8. Wewe una runinga tatu. Ukiweka ya njia nne, tundu lililobaki lizibe kwa kifuniko cha omu 75, usiliache wazi.

Kufunga konekta ya F, kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya, ndiko kunakohitaji utulivu. Menya ganda la nje milimita 13 kutoka mwisho. Kunja wavu wa nyuzi urudi nyuma juu ya ganda, pande zote. Kisha menya ile plastiki nyeupe milimita 6.5 ili kiini cha shaba kibaki wazi, bila kukikwaruza kwa kisu. Sasa tazama kwa karibu sana, ikibidi kwa tochi: uzi mmoja tu wa wavu, mwembamba kama unywele, ukigusa kiini, mawimbi yanapata shoti. Picha inapotea, na kama busta inapelekewa umeme kwa waya huohuo, adapta yake inapata shoti. Sukuma konekta hadi plastiki nyeupe ilingane na sakafu ya ndani ya konekta, kisha ibane kwa koleo lake. Kiini kichomoze kama milimita 2 au 3 nje ya ukingo. Kikiwa kifupi hakitagusa. Kikiwa kirefu kitaharibu tundu.

Jambo jingine linalowashinda wengi: busta ya juu hupewa umeme kutoka chini kupitia waya. Ukiweka spilita kati ya adapta na busta, hakikisha tundu unalotumia limeandikwa kuwa linapitisha umeme, la sivyo busta inakufa njaa na badala ya kuongeza mawimbi inayazuia.

Nje, funga kila kiungo kwa utepe wa mpira unaojiunga wenyewe, na kabla waya haujaingia ukutani uache uning'inie kwa mkunjo kuelekea chini, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuufuata hadi ndani.

Nina king'amuzi cha HD na runinga ya HD, lakini picha haina makali. Kwa nini?

Tazama nyuma. Kama umeunganisha kwa nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu, hiyo njia haibebi HD. Tumia HDMI, kisha kwenye menyu ya king'amuzi chagua 1080i au 1080p. HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, ile ya kawaida 720 kwa 576. Tofauti ni mara tano. Kumbuka pia kwamba si kila kituo kinarusha HD.

Jana chaneli sita zimetoweka kwa pamoja, nyingine zipo. Antena sijaigusa.

Chaneli kadhaa husafiri pamoja kwenye masafa mamoja, ndiyo maana zinaondoka pamoja. Huenda masafa hayo yamehamishwa. Futa orodha yote, tafuta upya. Zisiporudi, tafuta kwa mkono ukiingiza namba ya masafa ya mnara wako.

Nimefunga antena nzuri lakini chaneli fulani zina alama ya kufuli. Nikinunua antena kubwa zitafunguka?

Hapana. Zimefungwa kwa siri ya malipo, na hakuna antena inayoweza kuzifungua.

Nataka kusimamisha bomba juu ya paa. Kuna hatari ya radi?

Ipo, lakini nyaya za umeme ni hatari zaidi. Kabla ya kupandisha chochote, pima: umbali hadi waya wa umeme ulio karibu lazima uzidi urefu wa bomba pamoja na antena, ili hata likianguka lisiufikie. Usifanye kazi hiyo peke yako, wala paa likiwa limelowa, wala kukiwa na upepo.

Bomba liunganishwe na ardhi kwa waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja bila kona kali, na pale waya wa antena unapoingia ndani weka kizuia radi cha konekta ya F, nacho kiunganishwe na ardhi hiyohiyo. Kama nyumba ina nguzo yake ya ardhi ya umeme, zote mbili ziunganishwe pamoja. Ardhi mbili zisizoungana zinaweza kuwa na volti tofauti radi inapopiga karibu, na tofauti hiyo itapita kwenye runinga yako. Hilo mwachie fundi umeme mwenye leseni. Kizuia radi hupunguza madhara ya radi ya jirani. Radi ikipiga bomba lenyewe, hakuna kifaa kitakachohimili. Mawingu yakianza kunguruma, chomoa waya wa antena na plagi ya umeme, vyote viwili.