Kafiri na "kaffir" ya Sauzi

Mkuu, umeuliza kama "kafiri" letu na "kaffir" la Afrika Kusini ni neno moja: asili ni moja, matumizi ni mbalimbali. Kafiri ni Kiarabu, asiyeamini, na hata hapa Mbeya ukimwita jirani hivyo unamuumiza. Wareno walilipata kwa wafanyabiashara Waislamu wa pwani yetu, Wazungu wa Afrika Kusini wakaligeuza tusi la kumdhalilisha mtu mweusi. Siyo tusi dogo: mwaka 2018 mahakama ya huko ilimhukumu mwanamke mweupe kifungo cha miaka 3, mmoja ukasitishwa, kwa kumtukana hivyo askari polisi mweusi aliyekuja kumsaidia. Kwa hiyo mdogo wako anayepitia Tunduma kwenda Johannesburg asilitamke hata kwa utani.