Amplifaya ya wati mia, fyuzi ya ampea tano

Jirani yangu hapa Shangani, Mtwara, ni mzee mstaafu wa bandari. Kila alasiri hukaa barazani na redio yake ya betri, na siku Yanga wanapocheza huwezi kumwambia kitu. Siku moja nilikuwa chumba cha nyuma naita wenzangu wa redio ya ridhaa kwenye megahezi 14.2, amplifaya mpya ya kukuzia nguvu ya redio yangu juu ya meza, kichwa kimevimba. Mlango ukagongwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hivi huko ndani unafanya nini? Kila mpira ukikaribia goli, redio yangu inakoroma."

Nikamwambia labda kituo ndicho chenye matatizo. Uongo mtupu. Alikuwa anasikiliza FM kwenye 99 na kitu, na mimi nilijua vizuri kwamba 14.2 mara saba ni 99.4.

Nirudi nyuma kidogo. Nina leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ishara yangu ya wito inaanza na 5H kama za wengi nchini, na redio yangu ni ndogo, wati 5. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika, halafu kama wiki moja baadaye intaneti ya nchi nzima ikayumba kwa kukatika kwa nyaya za baharini, niliona sisi wa kusini tunahitaji sauti inayofika. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Kosa langu ni kudhani sauti inanunuliwa kwa wati. Nikampata muuzaji mmoja mtandaoni, shilingi laki moja na sitini, "100W", megahezi 3 mpaka 30. Mzigo ukashuka na basi kutoka Kariakoo umefungwa kwenye boksi la viatu.

Siku ya kwanza ningetazama fyuzi tu, ningeshajua. Ilikuwa ya ampea 5. Betri na chaja yangu hutoa volti 13.8, ukizidisha kwa 5 unapata wati 69. Hizo ndizo zinazoingia. Amplifaya ya aina hii hugeuza karibu nusu kuwa mawimbi, inayobaki ni joto. Kwa hiyo hata ikijitahidi ni wati 35 hivi. Ili itoe 100 za kweli ingebidi ivute kama ampea 14 au 15, na waya wake mwekundu ulikuwa mwembamba kama wa taa ya sikukuu. Hesabu hii haihitaji kifaa chochote, na unaweza kuifanya kwa kutazama picha ya bidhaa kabla hujatuma hela. Wanaokoroga mambo zaidi huandika nguvu waliyoipata kwa volti 16 au zaidi, volti ambazo betri yako ya gari haitakupa.

Kupima nilipima baadaye. Nilitengeneza mzigo bubu, kitu cha kumeza nguvu badala ya antena: rezista 20 za ohmu 1000, kila moja wati 2, zimeunganishwa sambamba ili zitoe ohmu 50. Usichukue zile za kusokotwa kwa waya, maana kwenye masafa haya zinakuwa koili. Mzigo wangu unastahimili wati 40 kwa sekunde chache, unatosha. Kwenye megahezi 7 nikasoma wati 32. Kwenye 14 nikasoma 18. Kwenye 28 sindano ilisogea kwa aibu. Transista zilizomo ni IRF530, ambazo zilibuniwa kwa ajili ya kuwasha na kuzima umeme kwenye vifaa vya nishati. Kwenye redio zinafanya kazi, lakini kadiri masafa yanavyopanda ndivyo zinavyochoka. Na hizo ni zile halisi. Nilichukua pamba na asetoni ya mke wangu ya kuondolea rangi ya kucha, nikasugua maandishi ya transista moja. Yakafutika yote, na chini yake pakaonekana mikwaruzo ya msasa. Hapo sijui nilinunua nini.

Huku kwetu mkulima akifikisha korosho chama cha msingi, hakuna anayepanga daraja kwa kusoma gunia. Wanatoa sampuli, wanakata, wanatazama ndani. Nilikulia kwenye mikorosho na bado nikasoma gunia.

Wati pungufu ningezisamehe. Sikusamehe ukosefu wa filta, yaani kichujio cha mawimbi yasiyotakiwa. Amplifaya yoyote, pamoja na kukuza mawimbi yako, huzaa mawimbi mengine kwenye mara mbili, mara tatu, mara nne na kuendelea ya masafa yako. Tunayaita haramoniki. Zenye transista mbili zinazopokezana, kama yangu, hupunguza zile za shufwa na kuacha za witiri: tatu, tano, saba, tisa. Ya saba ilikwenda kwa mzee. Ya tisa ndiyo iliyoninyima usingizi: 14.2 mara 9 ni 127.8, katikati ya masafa ya ndege, ambayo ni 118 mpaka 137. Uwanja wetu wa ndege uko hapahapa mjini. Marubani na waongozaji wakisumbuliwa, mlango hautagongwa na mzee mwenye kanzu.

Kanuni za Marekani, kwa mfano, zinataka uchafu wa mtambo wa chini ya megahezi 30 uwe angalau desibeli 43 chini ya mawimbi yenyewe, yaani sehemu 1 kwa 20,000 hivi. Bila filta huifikii hata kwa dua. Na filta ni ya bendi yake: inayopitisha megahezi 28 haiwezi kuzuia haramoniki ya tatu ya megahezi 7, iliyoko 21. Kwa hiyo ukiona kifaa cha "megahezi 3 mpaka 30" kisicho na swichi ya bendi usoni wala safu ya relei na koili ndani, hakina filta, hata tangazo liseme nini.

Nilijenga yangu ya bendi ya 7, koili tatu kwenye pete nyekundu za T50-2 na kapasita za kustahimili volti nyingi. Zile wati 32 zikawa 28. Kidogo kililiwa na filta yenyewe, lakini nyingine hazikuwahi kuwa zangu. Kipima wati huhesabu na haramoniki, hakibagui.

Jambo jingine lilitoka kwa jamaa yangu wa Dar. "Kaka, unachukua barabara nzima." Sauti ya SSB, namna tunayorushia maongezi kwenye masafa haya, hutosha kwenye kilohezi 3, mimi nilikuwa nimetapakaa kama 10. Sababu zilikuwa mbili. Nilikuwa naingiza wati 5 zote kwenye kifaa kinachotaka 2, na mkondo wa utulivu wa transista, ule umeme unaopita hata kabla hujaingiza mawimbi, ulikuwa umeachwa sifuri kiwandani. Ukiurekebisha, anza na skrubu yake ikiwa chini kabisa, ampea mita kwenye waya wa betri, bila kuingiza mawimbi, panda taratibu. Yangu ilikaa sawa kwenye miliampea 200. Ukizungusha kwa pupa transista inakufa kabla hujasikia harufu.

Harufu niliisikia hata hivyo. Mgongo wa chuma wa IRF530 umeungana na mguu wake wa kati, kwa hiyo lazima utenganishwe na bati la kupoozea kwa kipande cha maika. Changu kilikuwa kimepasuka, na mafuta ya kupitishia joto hayakuwekwa kabisa. Kwa joto la hapa Februari, dakika nne zilitosha. Fungua, kagua, paka mafuta, ongeza feni ya kompyuta. Na ninyi mnaochokonoa mitambo ya zamani kutafuta transista kubwa zenye kauri nyeupe: msizivunje wala kuzipiga tupa. Baadhi zina oksidi ya berili, na vumbi lake linaharibu mapafu.

Sasa hesabu iliyoniuma. Kutoka wati 5 hadi 32 ni desibeli 8. Alama moja ya kipimo cha redio, ile tunayoiita S, ni desibeli 6. Laki na sitini, mzee wa watu kukosa goli, kwa alama moja na ushee.

Wakati huohuo antena yangu ya megahezi 7 ilikuwa waya wa mita 20 uliolala mita tatu juu ya ardhi, na kiunganishi chake kimeota kutu ya kijani. Upepo wa chumvi hapa Shangani haubakizi kitu. Kijana mmoja mkwezi alinipandishia ncha moja kwenye mnazi, nyingine nikaifunga kwenye mwembe, kama mita tisa. Kiunganishi nikakibadilisha, nikakizungushia utepe wa mpira wa kuzuia maji. Dar ni kama kilomita 400 kwa mstari wa ndege, na kwa megahezi 7 mchana ni umbali wa kawaida kabisa. Tulijaribu na yule jamaa, na amplifaya, bila amplifaya, mara kadhaa, bila kumwambia ipi ni ipi. Alikisia vibaya nusu ya mara.

Amplifaya iko chini ya meza, filta yake imefungwa juu kwa lastiki. Mzee nilimwomba radhi na kumweleza ukweli wote wa mara saba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ninaweza kumvutia na yeye waya kwenye ule mnazi.