Chumba kipo, naanzaje kazi ya kutunza?

SWALI: Naishi Leicester, Uingereza, na watoto wameshahama. Je, ni kweli naweza kulipwa kumtunza mtu mzima mwenye ulemavu nyumbani kwangu?

JIBU: Kweli, mama. Mpango unaitwa Shared Lives. Usitafute mtu mwenyewe. Ulizia halmashauri ni nani anauendesha eneo lako. Mtathmini atakuja nyumbani zaidi ya mara moja, atakagua chumba na ving'ora vya moshi, atataka wadhamini, kisha jopo litaamua. Inachukua miezi, kwa hiyo usiache kazi mapema.

Wengi hukwama kwenye ukaguzi wa DBS (rekodi ya makosa ya jinai), maana unawahusu watu wazima wote wa nyumba, hata yule mpwa "anayepita tu". Mtaje mapema. Ukiwa mpangaji, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi.

Utahesabiwa umejiajiri: jiandikishe HMRC, mamlaka ya kodi. Kuna msamaha mzuri wa kodi, mradi nyumba isizidi watu 3 unaowatunza.

Ukimpa unayemtunza dawa, andika papo hapo: jina la dawa, kipimo, saa, sahihi yako. Akikataa kidonge, andika amekataa. Usikifiche kwenye uji. Pesa zake zikae mbali na zako, kila risiti itunzwe.