Manowari za plastiki: maswali yenu, na leo sibembelezi mtu

Maswali ya kuunda modeli za manowari, zile za vipande vya plastiki vinavyokuja kwenye boksi, yamejaa, na nusu yake ni lile lile moja, kwa hiyo leo nayajibu kwa mkupuo. Fungua kalkuleta ya simu uiweke pembeni kabisa, maana ntaitaja mpaka ukereke.

Nichukue skeli ipi, 1/350 au 1/700? (Mmeuliza wanne, wiki hii tu)

Meza yako ina urefu gani? Ndo jibu. Skeli 1/350 maana yake modeli ni ndogo mara 350 kuliko meli halisi. Bismarck, manowari ya Wajerumani, ilikuwa na mita 251, gawanya kwa 350 unapata sentimita 72 hivi, gawanya kwa 700 unapata 36. Mtu ananunua boksi kwa sababu ya mchoro wa juu, moshi na mizinga inawaka, afu akimaliza meli inaishi juu ya friji, siku mtu akifunga mlango wa friji kwa hasira mlingoti wote chini. Anayeanza aanze na destroya, manowari ndogo ya mwendo kasi. Fletcher ya Marekani, boksi la kampuni ya Tamiya la 1/350, inatoka sentimita 33 tu, na Marekani walijenga 175 za aina hiyo, kwa hiyo picha hazikosekani na ukikosea kitu unasema hiyo ni nyingine.

Shikamoo. Niko Tanga, nataka kuunda Königsberg, manowari ya Wajerumani ile ya Rufiji. Nimeona Emden, nayo ya Wajerumani, boksi la kampuni ya Revell la 1/350, zote zina mabomba ya moshi matatu. Nikiinunua si naweza kusema ni Königsberg?

Marahaba. Kusema utasema, nani atakukamata? Ila ngoja kwanza.

Königsberg ilipotia nanga Dar Juni 1914 watu wa pwani waliibatiza "manowari na bomba tatu", yani waliitambua kwa kuhesabu mabomba, na wewe unafanya vile vile miaka zaidi ya mia baadaye. Bomba tatu hazitoshi. Emden ina mita 118.3, Königsberg 115.3. Mita tatu hizo kwenye 1/350 ni milimita nane na nusu. Mgeni akija kwako hatoziona, wewe mwenyewe utaziona kila ukipita kabatini, na huo ndo ugonjwa wa kazi hii. Mizinga iko sawa, kumi ya milimita 105 kwa zote mbili, hapo umepona.

Ushauri wangu? Jenga Emden uiite Emden. Ina kisa chake kizuri tu, jamaa walisimamisha bomba la nne la bandia ili ionekane meli ya Waingereza, wakaingia nayo bandari ya Penang, Malaya, Oktoba 1914. Bomba la bandia unalitengeneza mwenyewe kwa karatasi na gundi, raha tupu. Ukipata Königsberg yenyewe ya resini (plastiki ngumu ya kumimina kwenye kalibu) basi ichukue, lakini resini ipigwe msasa wa maji, huku umevaa barakoa, nje ya nyumba. Vumbi lake likishaingia kifuani halitoki. Kuna watu wanasugua resini sebuleni na mtoto yuko mkekani, mi nikiona picha hizo naacha hata kuitazama meli.

Naomba namba kamili ya rangi ya Königsberg.

Siku gani?

Nauliza hivi kila mara na kila mara watu wananuna. Meli siyo ukuta wa duka, inabadilika. Emden ilivyokuwa Tsingtao, China, kabla ya vita ilikuwa nyeupe, mabomba ya njano iliyopauka, hata jina la utani lilikuwa batamaji wa Mashariki. Vita ikaanza ikapakwa kijivu. Meli moja, mwaka mmoja, rangi mbili. Sasa wewe wataka Königsberg ya siku ilipoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, 20 Septemba 1914, au ile iliyojichimbia kwenye delta ya Rufiji mpaka ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915? Ukishachagua siku, tafuta picha ya karibu na siku hiyo, afu ndo urudi kwenye kopo. Na picha yenyewe uisome kwa akili, filamu nyingi za wakati ule zilikuwa hazioni nyekundu, inatoka nyeusi, na bluu inatoka kama imefifia. Anayekwambia "nimeona kwenye picha kwamba ni kijivu namba fulani" anakuchezea tu.

Hata ukiipata rangi yenyewe, usiipake kama ilivyo. Kitu cha mbali kinapauka, simama Kivukoni utazame meli iliyoko nje kabisa utanielewa. Dondosha matone machache ya nyeupe humo, kwa 1/700 ongeza kidogo kuliko 1/350. Na paka nyepesi! Rangi yenye unene wa milimita 0.1 (hiyo siyo nene sana kwa mtu wa brashi) zidisha kwa 700. Sentimita saba. Umeipaka meli plasta.

Nimemaliza kupiga vanishi ikatoka nyeupe nyeupe kama ukungu. Kopo ni feki?

Kopo halina kosa. Ulipiga jioni, mvua imetoka kunyesha, niambie nakosea. Thina ikikauka haraka inapoza uso wa plastiki, na unyevu wa hewa yetu ya pwani unaganda hapo hapo chini ya vanishi. Subiri siku kavu, saa nne asubuhi hivi, piga tena nyembamba sana, mara nyingi inarudi. Isiporudi, pole.

Kutu niweke kiasi gani?

Kidogo.

Haya, narefusha kwa sababu najua hutanisikia. Kutu imekuwa wazimu. Naona manowari zimechuruzika rangi ya chungwa kuanzia sitaha mpaka majini kama dau lililosahaulika miaka ishirini. Manowari ina mabaharia mamia na kazi yao mojawapo kila siku ni kukwangua na kupaka rangi. Weka kidogo kwenye tundu la nanga, kidogo chini ya mnyororo, basi. Mchirizi wa milimita moja kwenye 1/700 ni sentimita 70, hiyo siyo kutu tena, huo ni mlango. Kama unatumia brashi, chovya, ifute karibu yote kwenye kitambaa, kilichobaki ndo uguse nacho.

Kamba za mlingoti nitumie uzi gani?

Siyo uzi. Unywele wa mtu una milimita 0.07 hivi, zidisha kwa 700 unapata karibu sentimita tano, kamba nene kama kifundo cha mkono, sasa uzi wa cherehani je? Chukua kipande cha fremu ya plastiki iliyobaki kwenye boksi, kizungushe juu ya mshumaa (juu, siyo ndani ya moto) mpaka kilegee king'ae, kitoe, hesabu moja mbili, ndo uvute mikono pande zote kwa mwendo mmoja. Kinatoka kitu kama utando wa buibui. Thina iwe chumba kingine, sitanii.

Reli za shaba za ukingo wa sitaha zinanishinda, zinaruka nikikata.

Zikatie juu ya kigae, siyo juu ya gazeti, na wembe uwe mpya, ubonyeze usiburute. Weka selotepu chini ya kipande kabla hujakata. Mimi wiki iliyopita nilikata sentimita tano za reli ya 1/350, urefu wa kwenda juu milimita tatu tu, nikapiga chafya. Nikatafuta na tochi saa nzima. Kesho yake nikaikuta imenasa kwenye soksi, imejikunja kama tambi. Supagluu weka tone kwenye kipande cha bati, chukua kwa ncha ya kijiti cha meno, usimimine kutoka kwenye chupa kama mtu anayejaza chumvi.

Niko Mombasa. Mzinga wa Königsberg ulioko Fort Jesus unaweza kunisaidia?

Swali la kwanza la maana leo. Sana! Nenda na futi ya fundi, piga picha kila upande, bomba la mzinga ni mita 4.2 kwa hiyo kwenye 1/350 iwe milimita 12, angalia kama waliokuuzia modeli wameipata. Ila usinakili magurudumu kwenye mzinga wowote wa meli hii, hayo yaliwekwa baada ya meli kuzama, mizinga ilipotolewa mtoni ikaenda kupigana nchi kavu.

Bahari ya Rufiji niipake bluu ipi?

Usinichekeshe. Chai ya maziwa. Na matawi ya kuficha meli tumia majani ya chai yaliyochujwa, yakauke kabisa, uyapake kijani, jani zima la mkoko kwenye skeli yako halifiki hata nusu milimita.

Kigoma hapa. Kuna boksi la Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika?

Lilikuwepo, moja tu, mwaka 1913. Meli yenyewe ilitoka Papenburg imefungashwa kwenye masanduku 5,000, ikaja kwa meli hadi Dar, ikapanda treni, ikaungwa hapo hapo kwenu ikiitwa Graf von Goetzen, na baadaye ikafungwa mzinga mmoja wa Königsberg. Wewe unayelia kwamba maelekezo yamepotea, fikiria hao. Jenga ya karatasi, mita 71 kwenye 1/350 ni sentimita 20, na meli mnayo hapo ziwani, nenda kapige picha kabla hujaniuliza rangi.