Wadogo zangu wa semina, anzeni na mishahara

Nimezisoma rasimu zenu za mpango wa siku mia za kwanza kwa jeshi lililoikalia nchi iliyovunjwa na vita. Mmerudia yale yale ya wenzenu waliowatangulia: katiba mpya mbele, uchaguzi unafuata, kisha warsha za maridhiano. Hakuna aliyeuliza nani atawasha pampu ya maji kesho asubuhi. Nawapenda, kwa hiyo siwafichi: mipango hii ingeua watu.

1. Sheria mmesoma, itumieni. Kanuni za Hague za 1907, sheria za kimataifa za vita, kifungu cha 43: aliyeishika nchi arejeshe utulivu na aheshimu sheria alizozikuta, ila pale inaposhindikana kabisa. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 unamtwika pia chakula na dawa. Wewe ni mpangaji, hujanunua nyumba.

2. Usimfukuze mtu kazi kabla hujajua anafanya kazi gani. Hapa mnivumilie.

Baghdad, mji mkuu wa Iraq, iliangukia mikononi mwa Wamarekani tarehe 9 Aprili 2003. Wizara ya Mafuta ikapewa ulinzi. Wizara nyingine nyingi zikaporwa, na Makumbusho ya Taifa vilevile. Tarehe 16 Mei Paul Bremer, Mmarekani aliyewekwa kuiongoza Iraq, akatoa amri ya kwanza: wanachama wa ngazi za juu wa Baath, chama cha Saddam, watoke katika utumishi wa umma. Isomeni kwa jicho la karani wa mishahara. Iligusa pia ngazi tatu za juu za uongozi katika kila wizara, chuo na hospitali: aliyekuwa mwanachama kamili, nje. Chini ya Saddam, kupanda cheo mara nyingi kulidai kadi ya chama, kwa hiyo walimu kwa maelfu walikumbwa. Tarehe 23 Mei ikaja amri ya pili, jeshi likavunjwa. Wanaume laki kadhaa waliofunzwa silaha wakabaki nyumbani bila mshahara. Mwezi Juni waliandamana kudai chao, wawili wakapigwa risasi wakafa, na ni baada ya hapo ndipo posho ikatangazwa. Wengine walikuwa wameshapata wa kuwalipa, na uasi ukapata makamanda wanaoijua kazi.

Sasa ileteni Mwanza. Jeshi la kigeni limeingia, Jumatatu linatangaza kila mwenye kadi ya chama arudi kwao. Pale Capri Point, kwenye pampu za maji ya mji, kuna fundi anayejua kwa mlio tu kwamba pampu inavuta hewa, na anajua valvu ipi ifungwe kwanza. Ana kadi. Anakwenda zake. Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima, maji hayapandi yenyewe. Tenki likikauka, wodi ya wazazi haina maji ya kunawa. Hakuna aliyepiga risasi, na mama anakufa. Mhalifu ashtakiwe kwa alilotenda, kwa jina lake. Fundi abaki na pampu yake.

3. Japani ya baada ya Vita Kuu ya Pili mnaisifia bila kuangalia namna. Wakuu wa vita walishtakiwa Tokyo, na wengi waliondolewa vyeoni, hasa maofisa wa jeshi. Lakini MacArthur, jenerali wa Marekani aliyeongoza ukaliaji, alitawala kupitia wizara alizozikuta. Hata mageuzi ya ardhi, yaliyowapa wakulima wapangaji mashamba yao, yalipitia bunge na maofisa wa Kijapani. Ukaliaji ukaisha 1952.

4. Msidhani haya ni ya wazungu tu. Machi 1979, tukipigana na Idi Amin wa Uganda, ndege ya Libya iliyomsaidia ilikuja kuilipua Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Mwezi uliofuata vijana wetu walikuwa Kampala, na baada ya Amin kukimbia mji uliporwa. Rais aliyefuata, Lule, alikaa madarakani siku 68, na Binaisa baada yake hakufika mwaka. Tulishughulika mno na nani akae ikulu, huku Mganda wa kawaida akihitaji polisi wa kumwamini usiku. Februari 1981, askari wetu wakiwa bado kule, vita vya msituni vikaanza. Nasema hili kwa heshima ya waliokufa wakimwondoa Amin.

5. Sarafu ikiaminika, bidhaa hurudi madukani: tazameni Ujerumani Magharibi ilipopewa sarafu mpya, Juni 1948.

6. Andikeni tarehe ya kuondoka, na nani anapokea funguo.

Rasimu zirudi Alhamisi. Ukurasa wa kwanza nataka orodha ya wanaolipwa: maji, umeme, wauguzi, walimu, polisi, askari wa zamani, pesa inatoka wapi, na nani anaibeba hadi dirishani. Katiba wekeni nyuma, waiandike wenye nchi.